Bahari Niliyoikoleza Chumvi

Tata Nyambura alizikwa Alhamisi, na Jumamosi wajukuu wake wakaniita nikapange jikoni kwake, kwa sababu, walisema, mimi ndiye ninayejua kila kitu kinakaa wapi. Ni kweli. Nimefanya kazi katika jiko lile miaka mingi kuliko umri wa mjukuu aliyenipa ufunguo. Najua sufuria ipi huunguza maharagwe upande mmoja, na najua mlango upi wa kabati hufunguka tu ukiupiga goti. Kitu kimoja pekee nilikuwa nimejifunza kutokiangalia, nacho kilikuwa palepale kilipokaa siku zote: rafu ya juu, nyuma ya kopo la majani ya chai, mtungi mdogo wa plastiki uliowahi kuwa wa mafuta ya kupikia, mweupe uliogeuka rangi ya meno ya mzee. Ulikuwa na maji, chini ya nusu. Katika wasifu uliosomwa kaburini wajukuu waliandika kwamba cucu, yaani bibi yao, alionja bahari bila kutoka Chaka. Watu wakacheka kile kicheko cha msibani, cha upendo, na mchungaji akanitaja kwa jina kama mtu aliyemletea. Nikaangalia viatu vyangu. Mama mmoja aliyedhani ninalia akanipa leso, nikaipokea, maana ningemwambia nini?

Ya ukoo nayaruka. Wanaowajua watu wangu wanawajua, na wasiowajua hawajapungukiwa na kitu. Niseme tu kwamba tata kwetu ni dada ya mama, kwamba huyu alikuwa pia mwajiri wangu, na kwamba mimi ni mtu wa nyumbani. Kuna watu wanaopenda safari. Mimi napenda kusikia kwamba wamefika salama. Tangu mwaka ninaotaka kuusimulia sijavuka Karatina isipokuwa kwa harusi na mazishi, na harusi zenyewe nilikuwa nikiuliza kwanza kama kuna choo njiani. Watu hudhani ni uvivu. Nimewaacha wadhani hivyo, kwa sababu uvivu ni aibu ndogo, na mtu mwenye aibu kubwa hushukuru akipata ndogo ya kuiweka dirishani.

Mwaka huo ndio nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na matokeo yangu yalikuwa yamesema kwa upole kwamba nitafute kazi. Nililala nyuma ya hoteli ya Tata, hapa Chaka kando ya barabara ya Nanyuki, katika chumba kilichotenganishwa na jiko kwa mbao ambazo hazikukutana. Upande mmoja yalilala magunia ya vitunguu yaliyongoja siku ya soko, upande mwingine nililala mimi, na katikati kulikuwa na njia ya mtu mmoja mwembamba. Asubuhi upepo wa Kieni uliingia na vumbi lake kupitia nyufa zilezile zilizoleta mazungumzo, kwa hiyo kabla sijafungua macho nilikuwa nimeshajua nani ameoa, ng'ombe wa nani amezaa mapacha, na lori la nani limekwama Naro Moru. Madereva walikula chapati mbili na supu ya kichwa cha mbuzi wakiongea kana kwamba ukuta ni ukuta. Nilikuwa nikitokea na birika, nimevaa uso wa mtu asiyejua lolote, halafu namwuliza mmoja wao, "Na yule mpenzi wa Karatina, bado anakupikia bila mafuta?" Nilipenda kutania. Nilikuwa na ulimi, na nilidhani ulimi ndio akili.

Sasa Salma. Tulikaa dawati moja miaka miwili ya mwisho shuleni. Watu wake ni wa Majengo, Nyeri mjini, wamekaa pale tangu babu wa babu, na Kikuyu wanaongea kama sisi. Ila Kiswahili chao hakikwaruzi. Bibi yake, Bi Zuhura, kila mwaka alikodi basi kupeleka watu wa msikiti wao kwenye Maulidi ya jamaa zao Malindi: wanasafiri alasiri, wanafika alfajiri, wanashinda siku moja ya kaswida na pilau, kisha wanageuza. Mwaka ule viti vilibaki. Salma aliniambia nilipoenda mjini kununua majani ya chai, nami nikamwambia Tata kama kichekesho, na Tata akakiambia chama chake cha akina mama wa kanisa. Ndani ya wiki moja wamama kumi na mmoja wa Kipresibiteri walikuwa wanaenda Maulidi. Bi Zuhura alipoambiwa alisema, "Waje. Mgeni haulizwi dini, anaulizwa kama amekula."

Tata ndiye aliyelipa wa kwanza, na ndiye ambaye hakwenda. Siku tatu kabla ya safari mguu wake ulivimba, ule wa kushoto uliokuwa ukimsumbua wakati wa baridi, ukawa kama wa mtu mwingine. Alikaa kwenye kigoda jikoni, akisukuma chapati kwa mikono mguu ukiwa umeinuliwa juu ya debe.

"Utaenda wewe," akasema.

"Mimi? Tata, mimi hata Nanyuki naumwa na kichwa."

"Kichwa utabeba hivyo hivyo. Nataka kitu kimoja tu." Akanionyesha kwa kidevu mtungi aliokuwa ameshausugua kwa mchanga na maji moto hadi harufu ya mafuta ikaisha. "Hiyo unijazie maji ya bahari. Si ya kuoga, si ya dawa kama ya hawa wengine. Nataka kuonja."

Nikacheka. Nikamwuliza kama ameishiwa na chumvi. Hakucheka. Aliendelea kusukuma chapati ile hadi ikawa nyembamba kuliko inavyopaswa, na ndipo akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia, hata kupitia mbao. Alipokuwa darasa la pili mwalimu aliwaambia kuna maji makubwa kuliko macho, na yote yana chumvi, hata mtu akifa kiu hawezi kuyanywa. Yeye akainua mkono akauliza, ni nani aliyatia chumvi? Darasa likacheka. Mwalimu akadhani anamdhihaki, akampiga mbele ya wote, na kesho yake wenzake wakaanza kumwita Chumvi. Mwaka huo huo karo ikakosekana akaachishwa shule. "Kwa hiyo hilo ndilo swali langu la mwisho la shule," akasema. "Sikujibiwa. Nikionja nitajua kama yule mwalimu alikuwa anajua, ama alikuwa anasema tu." Akaitupa chapati kwenye kikaango. "Wewe umemaliza shule, Wairimu. Niletee jibu."

Usiku wa kwenye basi nauruka pia, kwa sababu nililala. Nakumbuka tu kwamba mbele waliimba kaswida na nyuma tenzi za kanisa, zamu kwa zamu, kwa heshima sana, kila upande ukingoja mwingine umalize ubeti. Nakumbuka pia kwamba wamama wa Chaka walikuwa wamepanda na magunia mawili ya viazi, kabichi, na ndoo ya karoti, maana kwetu huendi kwa mtu mikono mitupu. Walikuwa wamevaa masweta. Mama Kirigo, jirani yetu muuza vitunguu, mwenye sauti iliyozoea kuvuka soko zima, alivaa mawili. "Alfajiri hakuna mahali hakuna baridi," alisema, na hakuna aliyeweza kumbishia, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amewahi kwenda.

Malindi ilitupokea kama mtu aliyefungua mlango wa tanuri. Jua lilikuwa halijatoka vizuri na tayari tulikuwa tumelowa. Nyumba ya jamaa za Salma ilikuwa na baraza ndefu ya saruji, na ndani sebule iliyotandikwa mikeka, na wanawake waliovaa leso zilizonukia, na tulipoingia wote wakasimama. Wamama wetu wakawapa mkono watu wote, mmoja baada ya mwingine, wakubwa na watoto. Wazee wa kiume walioweka mkono kifuani badala ya kuutoa nao walifuatwa hadi wakautoa. Kisha Mama Kirigo akashusha gunia la viazi katikati ya mkeka safi, vumbi la Kieni likapaa, akasema, "Tumewaletea kitu kidogo." Nilitamani sakafu inimeze. Mwenye nyumba, mwanamke mnene mwenye sauti laini, akainama, akachukua kiazi kimoja, akakigeuzageuza kama yai. "Mashaallah," akasema, "viazi hivi vina afya kutushinda sisi." Tukaletewa chai yenye iliki, na mahamri, na mbaazi zilizopikwa kwa nazi, na nikala mahamri saba. Nilihesabu baadaye, nilipokuwa natafuta ushahidi dhidi yangu.

Baada ya chai Salma alinipeleka pwani na binamu yake Rukia, msichana wa umri wetu mwenye hina hadi kwenye viwiko. Nilikuwa nimebeba mtungi wa Tata. Salma, kwa wema wake, alikuwa ameniazima buibui na viatu vyake vyeupe, ili nisiungue na jua, alisema, na ndani ya nguo hizo nilijiona mtu mwingine. Bahari ilikuwa imejaa hadi karibu na ukuta. Sitajaribu kuieleza; walioiona wanaijua. Nilipiga magoti nikajaza mtungi, nikalamba kidole. Chumvi ilitangulia, chumvi isiyo na adabu, halafu nyuma yake ukaja uchungu kama wa kidonge cha malaria kilichokwama kooni. Nikatema. Rukia akacheka, nami nikacheka, na kwa dakika chache nilikuwa mtoto mzuri aliyetimiza alichotumwa. Kama basi lingeondoka wakati ule, nisingekuwa na la kuandika.

Lakini kulikuwa na zefe. Mnamo saa nne mji mzima ulitoka: watoto wa madrasa katika kanzu nyeupe, matari, bendera za kijani, ubani, mabibi wakinyunyiza marashi juu ya vichwa vya watu. Tulisimama kwenye ukuta wa pwani tukitazama, mimi katikati ya Salma na Rukia na wasichana wengine watatu wa mtaani kwao, na mtungi wangu umefichwa chini ya buibui kama mimba. Niliongea kidogo na kwa uangalifu, nikiziweka l na r zangu mahali pake kama mtu anayepanga vikombe vya kuazima. Mmoja wao aliniuliza kama ninatoka Mombasa. Sijawahi kusifiwa hivyo, wala kabla wala baada.

Hapo ndipo wakatokea wamama wa Chaka. Walikuja kutoka upande wa pili, wamenyunyiziwa marashi, masweta mwilini, kila mmoja na mtungi au mitungi, wakaingia majini. Hawakuiamini bahari, kwa hiyo walishikana: Mama Kirigo mbele, sketi imekunjwa hadi magotini, wa pili ameshika sweta lake kwa nyuma, wa tatu amemshika wa pili, na hivyo hivyo hadi wa mwisho, aliyekumbatia nguzo ya taa kando ya ukuta. Wimbi lilipokuja mstari wote ulipiga kelele na kurudi nyuma pamoja, na lilipokwenda wote wakasonga mbele pamoja, na katikati ya hayo Mama Kirigo alijaza mtungi, akaupitisha nyuma mkono kwa mkono, akapewa mwingine. Leo nikifunga macho naona kazi iliyopangwa vizuri kuliko kazi yoyote niliyowahi kuiona. Siku ile niliona masweta.

"Wabara hao," akasema mmoja wa wasichana. "Wateka bahari."

"Waacheni," akasema mwingine, "labda kwao imekwisha." Wakacheka, si kwa ubaya sana, ila walicheka. Watu waliokuwa kwenye zefe nao walianza kugeuka. Kisha Rukia akaniuliza, kwa kujua tu, "Ndio wenzio hao?"

Salma aliniangalia. Yeye alikuwa mjukuu wa aliyekodi basi, angeweza kujibu, lakini swali halikuwa lake.

"Hao ni wa Chaka," nikasema. "Tulipanda basi moja tu. Mimi ni wa Nyeri mjini."

Nilisema hivyo, kana kwamba Chaka ni nchi nyingine na inahitaji pasipoti. Na kana kwamba ameambiwa, Mama Kirigo akainua kichwa akaniona, buibui na yote. Ile sauti ya sokoni ikavuka mawimbi, matari na kaswida.

"Wairimu! Wee Wairimu! Kuja tukushike, ujaze ya Nyambura!"

Nikamgeukia Rukia nikamwuliza hina hukaa siku ngapi.

"Wairimu wa hoteli! Si ni wewe naona?"

"Yuakuita wewe?" Rukia akauliza.

"Huko kwetu Wairimu ni wengi," nikasema.

Mama Kirigo hakuita tena. Nilimwona kwa pembe ya jicho akisimama kidogo na mkono juu ya macho, kuzuia jua, halafu akainama akajaza mtungi mmoja zaidi. Mtungi wangu mimi ulikuwa ukichuruzika. Kifuniko hakikukaza vizuri, na maji yalikuwa yameloanisha buibui ya watu. Msichana mmoja akaona, akaniuliza nimebeba nini. Nikasema ni maji ya kunawa miguu. Na ili liwe kweli, nilifungua mtungi wa Tata Nyambura, nikajimwagia miguuni, mbele yao, hadi tone la mwisho.

Nilijiambia nitajaza tena baadaye. Hiyo ndiyo akili ya mtu wa mlimani. Mto Chania ukiuacha asubuhi utaukuta jioni. Unaweza kuchafuka, lakini hautaondoka kwenda kwingine. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba bahari hupwa. Tulirudi nyumbani tukala biriani, na viazi vilivyokuwa ndani ya biriani vilikuwa vyetu, nikavijua kwa macho na kwa ulimi, na mwenye nyumba akawaambia wageni wote vimetoka mlima Kenya, na Mama Kirigo akashangiliwa. Aliketi katikati ya mabibi wa Malindi akiwafundisha jinsi ya kuhifadhi viazi visichipue. Mimi nilikaa kwenye kona na wasichana wenye hina, nikiwa wa Nyeri mjini. Saa tisa na nusu basi lilipoanza kupiga honi nilichomoka nikakimbia pwani na mtungi wangu, na bahari haikuwapo. Kulikuwa na matope na mchanga uliolowa na nyasi nyeusi, na mbali, mbali kama kutoka kanisani hadi sokoni kwetu, mstari mweupe. Ningeweza kwenda. Nimelipigia hesabu jambo hili miaka yote hii na kila mara jibu ni kwamba ningeweza kwenda, basi lingeningoja. Lakini nilikuwa na viatu vyeupe vya Salma, na kule juu ya ukuta Rukia alikuwa amekuja kuniaga. Nikageuka.

Basi lilisimama Mariakani giza likianza kuingia, watu wale na kunyoosha miguu. Wamama wote walikuwa na mitungi yao chini ya viti. Nilipokaa, miguu yangu iligusa minne ya Mama Kirigo. Ningemwambia tu. Ningesema, Mama Kirigo, yangu imemwagika, na angenipa bila neno. Lakini kumwomba maji kulikuwa ni kukubali kwamba nilimsikia akiita. Hakuninunia. Alinimegea nusu ya mahamri aliyofungiwa na mwenye nyumba, akasema, "Kula, uko na njia refu." Nikashuka na mtungi chini ya sweta. Nyuma ya hoteli tuliposimama kulikuwa na bomba, na mezani kulikuwa na kisahani cha chumvi cha watu wa mayai. Nilijaza mtungi. Nikatia chumvi, nikatikisa, nikaonja kwa kidole. Nikaongeza kidogo. Nikaonja tena. Nilifanya jinsi nilivyofanya kila siku na supu, jinsi Tata alivyonifundisha: usimwage, onja, ongeza, onja. Nilipofunga kifuniko niliona nimefanya kazi safi.

Tata alitungoja hotelini na wateja wake wote, mguu juu ya debe. Alikuwa ametandika kitambaa cha Krismasi kwenye meza ya mbele. Nikauweka mtungi hapo. Akamimina kidogo kwenye kikombe cha chai, akakiangalia muda mrefu hadi dereva mmoja akasema, "Nyambura, kunywa, si pombe." Akanywa. Akafunga macho. "Kwa hivyo alikuwa anajua," akasema. "Mwalimu. Alikuwa anajua." Machozi yalimlengalenga, na wale madereva, watu wenye matusi ya kila aina, wakavua kofia. Mimi nilisema maneno gani? Nilitania. Nikamwambia, "Sasa tutakuita Chumvi." Akacheka hadi akajifuta kwa kitambaa cha Krismasi.

Siku ya tatu Mama Kirigo akaja na chupa. Waliingia jikoni yeye na Tata, wakafunga mlango, nami nikaenda kulala juu ya kitanda changu mchana, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, sikio kwenye ufa.

"Onja hii pia," Mama Kirigo akasema.

Nikasikia maji yakimiminwa. Kijiko kikagonga kikombe. Kikagonga tena.

"Ni hiyo hiyo," Tata akasema.

"Nyambura."

"Nimesema ni hiyo hiyo. Bahari ni moja. Weka kuni hapo, hii maharagwe inalala."

Nilishusha pumzi iliyokuwa imekaa kifuani tangu Mariakani. Na niseme ukweli wote, kwa kuwa nimeanza: nilimdharau kidogo. Nilijiambia, mwanamke amengoja maisha yake yote kuonja bahari, kumbe hawezi kuitofautisha na supu. Tangu wiki hiyo Tata aliniachia kazi moja ambayo hakuwahi kumwachia mtu. Kila chungu kilichopikwa katika hoteli ile, chumvi nilitia mimi. Mimi peke yangu. Wageni walipousifu mchuzi alisema, "Hiyo ni Wairimu. Huyu mkono wake unajua chumvi." Akinitazama. Alisema hivyo mbele ya madereva, mbele ya mchungaji, mbele ya mkwe wake, na mara ya mwisho akiwa hospitalini, akimwambia muuguzi. Miaka yote hiyo nilidhani ni sifa, nikaivaa.

Basi Jumamosi hiyo ya kupanga jikoni Mama Kirigo alikuwa nami, amekaa kwenye kigoda cha Tata, akichagua maharagwe ya wageni wa matanga. Sasa ni mzee, masikio yamezibaziba, lakini sauti bado inavuka soko. Niliushusha mtungi nikaupangusa. Alikuwa akiniangalia, mikono imesimama juu ya ungo. Sijui nilitaka nini. Labda nilitaka kuyamwaga nje haraka, tumalize. Lakini kwanza nilifungua, nikatumbukiza kidole, nikalamba.

Chumvi ilitangulia. Halafu nyuma yake, baada ya miaka yote ile, ukaja ule uchungu.

Niliuweka mtungi mezani.

"Ulidhani ni ile yako?" Mama Kirigo akauliza.

Nikatumbukiza kidole tena, nikalamba.

"Hiyo ni ya chupa yangu. Alimimina humo siku ile ile, akaniambia, hii ndiyo ameleta Wairimu, na wewe usiseme ingine." Akarudi kwenye maharagwe yake, akatoa jiwe, akalitupa. "Yako tulipikia githeri. Watu walikula wakaongeza. Ilikuwa imekolea vizuri sana."

"Na mbona hakuniambia?"

"Alikuwa anangoja uanze wewe. Nilimwambia, huyo hatasema. Akasema, mwache, nimempatia chumvi ashike kila siku, siku moja itamwasha mkono." Aliinua macho. "Ilikuwasha?"

Nilimwambia la. Nilimwambia pia kwamba pale Malindi nilimsikia akiniita, mara zote mbili, na kwamba nilikuwa ni mimi. Akasema, "Najua. Ulikuwa umependeza." Kisha akasimama kwa shida, akamimina maharagwe kwenye sufuria kubwa na mahindi juu yake, iwe githeri, akaiteleka kwenye moto, na baada ya muda maji yalipochemka akanisukumia kopo la chumvi, kama Tata alivyokuwa akifanya, bila kuniangalia.

Nikamwambia atie yeye.

"Mimi?" akasema. "Mimi sina kipimo, unajua hivyo."

"Tia tu," nikasema.

Akatumbukiza mkono wote kwenye kopo, akatia. Wageni wa matanga walikula chakula kile wakitazamana, wakaomba maji, wakanywa, wakaomba tena. Nilimaliza sahani yangu.